Ukuta wa Pate, Upande wa Tumbaku

Bi Amriya Shekue aliniita Jumatatu,
akanionyesha ukuta kwa kidole cha kati,
kile chenye rangi ya tumbaku hata kwenye ukucha.
"Hapa," akasema. "Nitobolee ndia.
Upana wa punda na matumba yake mawili.
Nimechoka kuzunguka hata langoni."

Ukuta ulisimama kama hausikii.
Unaanzia nyuma ya msikiti usio na paa,
unapita makaburi, unapita banda la mbuzi,
unafika hapa shambani kwake
na kukatika ghafla,
kama mtu aliyesahau alilokuja kusema.

Mji uliolindwa umekwenda zake.
Ndani imebaki tumbaku, majani mapana,
palipokuwa na daka, na sebule, na chumba cha harusi.
Mfereji wa maji unapita walipopita mabwana.

Sote tulikua tukiusikia.
Majeshi yalikuja, tuliambiwa,
yakautazama, yakarudi.
Mama akitaka kunikemea alisema:
kichwa chako kigumu kama ukuta wa mji.

Basi nikaegemeza ngazi.
Nikataja jina la Mungu. Nikagonga.

Jiwe la kwanza lilitoka kama jino la mtoto.
La pili halikungoja nyundo.
Nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikatoa
udongo mwekundu.
Makombe ya chaza. Miiba ya changu.
Kigae chenye nusu ya ua la buluu.
Majivu ya tanuri. Udongo tena.
Na chokaa? Unene wa kidole, mbele na nyuma,
kama siagi kwenye mkate wa mgeni asiyependwa.

Miaka thelathini nimeshika mwiko.
Najua nilichokiona.
Fundi huyu alipunja.

Nilimwona kabisa: jua la saa saba,
msimamizi amelala,
matumbawe hayajafika kutoka mwambani,
tanuri limezimika,
Ramadhani inaandama Alhamisi
na ujira ni kwa urefu, si kwa unene.
"Jaza," akamwambia kijana wake.
"Jaza chochote, kisha lainisha juu."

Nikacheka peke yangu ngazini.
Halafu nikakumbuka Faza,
nyumba ya Maalim Dumila,
kidato cha tatu kutoka chini.
Sitasema zaidi.

Na yale majeshi? Labda yalisimama kule kwenye mikoko
wakati maji yamekupwa, miguu ndani ya tope,
yakaona weupe ule unang'aa,
yakahesabu maiti zao kabla hazijafa.
Hakuna aliyekuja karibu akakwangua kwa ukucha.

Bi Amriya akatokea na birika.
"Je?"
Nikashuka. Nikafuta udongo mwekundu
kwenye kikoi, upande wa ndani.
"Mgumu," nikasema. "Patasi imepinda.
Wazee wale walijenga."
Akanitazama.
Akaitazama patasi, imenyooka kama alifu.
Akamtazama punda,
naye punda alikuwa na tumbaku yake ya kutazama.
"Babu yangu alikuwa mwashi," akasema.
"Na yeye alinijibu vivyo hivyo."
Akamimina chai mpaka ukingoni mwa kikombe,
hakutaja ndia tena.

Alasiri nikarudisha kila kitu:
chaza, miiba, kigae na nusu ua lake.
Udongo nikaushindilia kwa ngumi.
Chokaa nilikuwa nayo ndoo nzima,
mbichi, nyeupe, imechujwa mara mbili.
Nikaitazama ndoo muda mrefu.
Nikapaka unene wa kidole.

Iliyobaki nimeifunika kwa gunia.
Kesho, maji yakijaa, nina safari ya Faza.